Pamba na Kiberiti

Kati ya wanawake wote wa dunia ambao wangeweza kuwa dada wa mwanamume aliyetaka kunioa, ilibidi awe Kiberiti.

Nilimtambua kabla sijavuka mlango wa karakana. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi refu ambalo mgongo wake ulikuwa bado wazi, nyundo mkono wa kushoto, misumari midogo mitatu imebanwa katikati ya midomo, na kitambaa cha kichwa kimefungwa vilevile kama zamani, fundo juu ya sikio, kama mtu aliyekifunga huku anakimbia. Miaka kumi na miwili ilikuwa imemwongezea mwili kidogo na vijistari viwili kando ya mdomo. Yaliyobaki yote yalikuwa ya yule yule msichana niliyekaa naye dawati la dirishani.

"Dada Mkubwa, nimemleta," alisema Fundi, kwa sauti ya mtu aliyebeba zawadi na hawezi kusubiri ifunguliwe. "Huyu ndiye Maktaba."

Kiberiti akatema misumari kiganjani, mmoja, wa pili, wa tatu. Akanipima kuanzia viatu hadi miwani.

"Pamba," akasema.

Fundi akacheka. Alidhani dada yake ananisifu. Mimi nikashika ukingo wa meza ya kukatia vitambaa na kujifanya ninaangalia mkasi.

Nirudi nyuma kidogo, nisije nikalaumiwa kabla ya wakati.

Fundi ni fundi miwani. Anapima macho na kukata vioo katika duka dogo lenye mlango wa kijani, na huko ndiko tulikokutana, miezi mitano kabla ya Jumamosi hiyo ya karakana. Mimi ni mtu wa kuangalia chini. Nikizungumza na mtu, macho yangu huwa kwenye kifungo chake cha shati, na wapo watu niliofahamiana nao miaka mingi bila kujua nyuso zao zikoje wakitabasamu. Lakini anayepimwa macho hana pa kuyaficha. Fundi alivuta kiti mbele yangu, akainama na kurunzi yake ndogo, akanitazama machoni kwa dakika kumi nzima kwa sababu ndiyo kazi yake. Mwishowe akasema la kulia ni zima, la kushoto lina uvivu kidogo, na kwamba yote mawili yanahitaji kutazamwa mara kwa mara na mtu mwenye nia njema.  Wiki iliyofuata skrubu ya miwani yangu ililegea. Wiki ya pili ikalegea tena. Wiki ya nne aliniuliza kwa upole kama ningependa anifundishe kuikaza mwenyewe, au niendelee kuilegeza nyumbani na kumletea.

Tangu hapo yeye huongea na mimi husikiliza, na kila mmoja anaona amepata sehemu nzuri zaidi. Aliniita Maktaba kwa sababu ninafanya kazi katika chumba cha kujalidia cha maktaba ya chuo, ambako vitabu vilivyochoka huletwa kwangu nivishone upya. Mimi nilimwita Fundi, na jina hilo lilinitosha mdomoni. Mwezi wa tano aliniambia anataka kunioa, halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akatafuta maneno. Akasema mama yao alifariki yeye akiwa na miaka kumi na mitatu, na dada yake, ambaye naye alikuwa bado msichana, ndiye aliyemlea akishirikiana na shangazi yao. Kila alichokuwa nacho kilipitia mikononi mwa dada huyo. Hawezi kuoa mtu ambaye Dada Mkubwa hamtaki. Si kwamba ataogopa, alisema. Ni kwamba furaha hiyo itakuwa na tundu, na kila siku atalitazama.

Nilimwelewa, na nilimpenda zaidi kwa kusema hivyo. Nikamwambia nitakwenda. Sikujua ninakwenda kwa nani.

Sasa nilikuwa mbele yake, na shangazi yao, mama mnene aliyeketi kwenye kigoda akijaza vipande vya sponji ndani ya mto wa kiti, alikuwa ameshaacha kujaza. Shangazi alikuwa na pingamizi lake mwenyewe, nililolisikia zamani kupitia kwa Fundi. Hakuona ubaya wowote kwangu ila ukimya. Mke asiyesema, alimwambia, utajuaje amekasirika? Utakula chakula kizuri mwezi mzima, kumbe mwenzako anakupangia safari.

"Mnajuana?" akauliza sasa.

"Tumekaa dawati moja miaka miwili," alisema Kiberiti.

Fundi alipiga makofi mara moja, kama mtu aliyemaliza kazi. Alianza kutuambia jinsi dunia ilivyo ndogo na jinsi yeye alivyo na bahati, kwamba alikuwa na hofu njia nzima na kumbe hofu ya nini, watu wenyewe ni marafiki. Kiberiti alimwacha aongee mpaka pumzi ikamwishia. Kisha akarudisha msumari mmoja mdomoni, akaupigilia kwenye fremu kwa mapigo mawili, na kusema bila kugeuka:

"Huyu hapana."

"Hapana vipi?"

"Hapana ile ya kawaida. Mlete mwingine yeyote. Mlete hata anayeongea usingizini. Huyu hapana."

"Kwa sababu gani, Dada?"

"Muulize mwenyewe. Kama atajibu."

Fundi akanigeukia. Hakukuwa na shaka machoni mwake, na hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa akinisubiri tu, kama anavyosubiri mteja asome herufi za mstari wa chini. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na sentensi nzima, nilikuwa nayo kwa miaka kumi na miwili, na ilikwama palepale ilipokuwa imekwama siku zote. Nikatazama kifungo cha shati lake.

"Umeona?" alisema Kiberiti.

Pengine yangeishia hapo. Lakini lile kochi lilikuwa la chumba cha kusubiria cha daktari wa meno, gari lilikuwa linakuja kulichukua saa kumi na moja, saa ya ukutani ilionyesha tisa na robo, na fundi mwenzake Kiberiti alikuwa amekwenda kuozesha binti yake. Mgongo mzima ulikuwa haujafungwa. Kiberiti alisema mwenye nia ya kuendelea kusimama akasimame nje, yeye ana kazi. Akachomoa sindano iliyopinda kama mundu, akapitisha uzi uliopakwa nta, akainama.

Mezani palikuwa na sindano nyingine kama hiyo. Sijui nilipata wapi ujasiri. Labda haukuwa ujasiri, ilikuwa tu kwamba mikono yangu haijui kukaa bure pakiwa na uzi. Niliichukua, nikakata uzi, nikaupaka nta, nikapiga magoti kwenye ncha ya pili ya mgongo wa kochi.

Watu wawili wakishona mgongo wa kochi, kila mmoja huanzia ncha yake na hukutana katikati. Nilipotia sindano ya kwanza kwenye ncha ya kulia, Kiberiti alitoa mguno.

"Hapo utakwama. Mkono wako na wangu inakwenda njia moja. Anzia katikati, mimi nitakufuata nyuma."

Nikahamia katikati. Tukawa tunakwenda upande mmoja, mimi mbele yake kama mtu anayekimbizwa, naye nyuma yangu.

"Subiri," alisema Fundi. Alikuwa ameinama, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, akitazama vidole vyangu kwa jicho la kazi. "Wewe unaandika kwa mkono wa kulia. Kijiko unashika kwa kulia. Mbona unashona kwa kushoto kama Dada?"

Na kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye mshono, na mikono ilikuwa na shughuli yake, ile sentensi ikateleza kidogo. Nikamjibu. Nililijibu kochi, kusema kweli, lakini wote walisikia.

"Yeye ndiye aliyenifundisha," nilisema. "Nilikaa ubavuni mwake, nikaiga kila kitu. Sikujua kama mkono nao ulikuwa wa kubadilisha."

Shangazi alicheka kwa puani. Nikaendelea, kwa sababu nilijua nikinyamaza sitaanza tena.

Nilimsimulia Fundi yote. Nilimwambia kwamba tulikuwa darasa moja ingawa mimi nilikuwa na miaka kumi na minne na dada yake kumi na saba, kwa maana alisimama shule miaka mitatu kumuuguza mama yao. Kwamba mwalimu mmoja aliposikia tumewekwa dawati moja, mimi mwenye sauti ya kunong'ona na yeye aliyekuwa hapitishi siku bila kugombana, alisema wamechanganya pamba na kiberiti, sasa tusubiri moshi, na majina yakatuganda. Moshi haukutokea. Kila mapumziko tulikaa nyuma ya ghala la shule, yeye akishona, mimi nikimwangalia, na baada ya muda akanipa sindano na mimi.

Halafu nikafika kwenye mkoba. Hapo nilichoma sindano mara nne kabla ya kusema.

Shule ilikuwa na maonyesho ya kazi za mikono. Kiberiti alikuwa amefungiwa vipindi vya ushonaji mwezi mzima kwa kumjibu mwalimu, hivyo tukautengeneza mkoba wa turubai na ngozi kule nyuma ya ghala. Yeye aliukata, aliupa umbo, alishona nje yote. Mimi nilishona kitambaa cha ndani tu, na nikaupeleka mezani kwa sababu yeye haruhusiwi kuingia. Mwalimu wa ushonaji aliutazama mshono, akaona unalalia kushoto. Mwezi huo, mwanafunzi mmoja tu katika kipindi chake alikuwa na mshono wa kulalia kushoto. Mimi. Sisi wawili tulifanana kwenye uzi kama pacha, na mwalimu alikuwa anamwona pacha mmoja.

Mwalimu mkuu alikuja darasani na wageni. Aliuweka mkoba mapajani mwangu, akanipa sanduku la zana kama zawadi, na wote wakapiga makofi. Kisha akamgeukia Kiberiti mbele ya wageni wale, akamwambia ajifunze kwa mwenzake anayekaa kimya na kufanya kazi.

"Nikanyamaza," nilisema. "Nilitaka kusema. Niliona aibu ya wale watu wote kunitazama. Nikasema nitamwambia mwalimu mkuu kesho, halafu kesho nikasema kesho. Mwezi uliofuata Kiberiti alihama kwenda kwa shangazi yake. Nikaendelea na kushona. Nikaenda chuoni kusomea kazi hii. Kila kitabu ninachoshona nashona kwa mkono wake, na sikuwahi kumwambia hata mtu mmoja ni wa nani." Nikakaza uzi. "Ule mkoba ulikuwa wako, Kiberiti. Nilikukosea. Naomba unisamehe."

Nilisikia uzi wake ukipita kwenye kitambaa. Alikuwa hajaacha kushona.

"Sikulitaka lile sanduku," alisema baadaye. Sauti yake haikuwa na moto. Ningependelea iwe nao. "Wala sifa. Mimi sifa nilikuwa nimeshakosa nyingi, moja zaidi isingeniua. Nilikugeukia. Nilitaka tu unitazame, nijue kwamba sisi wawili tunajua. Ukatazama kifungo cha mwalimu mkuu."

"Najua."

"Hujui. Huyu mdogo wangu maneno ni mengi lakini moyo wake hauna ngozi. Siku atakapodhalilishwa mbele za watu, na kila mtu hufikwa na siku hiyo, atakugeukia. Nawe utatazama kifungo. Mimi hilo silitaki kwake. Msamaha chukua, ni wako. Mdogo wangu hapana."

Hakuwa amenionea. Machozi yalinijaa, nikayaacha yakae nyuma ya miwani. Shangazi alijaribu kusema kwamba hiyo ni kesi ya watoto, watu wameshaota meno ya utu uzima, lakini alisema kwa sauti ndogo, kama asiyejiamini.

Basi Fundi akafanya anachofanya siku zote chumba kikijaa huzuni. Akavuta kigoda, akakaa kati yetu, akaanza kuongea.

Alimwambia dada yake kwamba hajui mtu mwenye moyo laini kuliko yeye, na ajifanye mkali kwa wengine, siyo kwake. Akanigeukia mimi, kana kwamba ninahitaji ushahidi. Alikuwa shule ya bweni wakati huo, alisema, mbali, mtoto aliyefiwa na mama, hali chakula, hasomi, anapanga kutoroka. Na kila wiki mbili ilikuja barua ya Dada Mkubwa. Wenzake walipata barua za salamu na maonyo. Yeye alipata visa.

"Hujawahi kusikia kitu kama hicho, Maktaba. Dada alikuwa anatunga mwenyewe. Kulikuwa na Konokono Tarishi, aliyeajiriwa kupeleka barua. Barua ya mapenzi aliifikisha, akamkuta bwana ameshakuwa babu. Barua ya kuitwa kazini aliifikisha, akakuta ofisi imekuwa shamba. Na kila akichelewa husema, 'Samahani, nilipita njia ya mkato.'"

Sindano yangu ilisimama ndani ya kitambaa.

Aliendelea. Akataja mbuzi aliyeogopa mlima kwa kuwa ana kizunguzungu. Akataja ngazi iliyokuwa inataka kulala. Alisema alikuwa anazisoma hizo barua chini ya shuka kwa kurunzi mpaka akazihifadhi, kisha akaanza kutafuta visa vingine maktaba ya shule, na ndivyo alivyopenda kusoma, na ndivyo alivyobaki shule. Uso wake uling'aa alivyokuwa anasema. Alikuwa akimtazama dada yake kwa shukrani ambayo haijapungua hata tone.

Visa vile vilikuwa vyangu.

Nilimtungia Kiberiti nyuma ya ghala, kimoja kila mapumziko, kwa sababu hakuweza kushona pakiwa kimya. Yeye peke yake ndiye aliyewahi kusikia. Kwa mtu mwingine yeyote sauti yangu ingekatika kwenye neno la kwanza. Konokono nilimwanza siku ya mvua. Yeye akacheka mpaka akajichoma kidole.

Nikainua macho, nikageuka kumtazama. Kiberiti alikuwa ameacha kushona. Uso wake, ambao sikuwahi kuuona ukiwa na hofu hata mbele ya mwalimu mkuu, ulikuwa na hofu. Alikuwa ananisubiri.

Ningeweza kusema. Ilikuwa zamu yangu, na neno moja lingetosha. Lakini nilimwona Fundi akiwa kigodani, mtoto aliyeokolewa na barua, na sikuona sababu ya kumnyang'anya dada yake kitu chochote. Nikashusha macho. Nikavuta uzi, nikachoma sindano tena, na tena.

"Visa vizuri," nilisema.

"Sema, Pamba," alisema Kiberiti.

"Sina la kusema."

"Unalo." Akatupa sindano mezani. "Unanyamaza tena. Safari hii unaninyamazia mimi, na inauma vilevile, sijui wewe umeumbwaje." Akajifuta uso kwa mkono wa blauzi. "Mdogo wangu, nisikilize. Mimi sijawahi kutunga hata kisa kimoja. Mimi nikiandika barua naishia kwenye 'natumaini hujambo'. Vile vyote ni vya huyu. Konokono ni wake, mbuzi ni wake, ngazi ni yake. Alinisimulia mchana, nikakuandikia jioni. Wewe ukajibu, 'Dada, kumbe una akili hivi,' nikaona raha, nikanyamaza. Mwezi wa kwanza nikasema nitamwambia mwezi ujao." Akaninyooshea kidole. "Miaka kumi na miwili nimemkasirikia kwa mkoba mmoja. Mimi nilimchukulia visa arobaini."

 Kisha Shangazi akaanza kucheka, kwanza mabega, halafu tumbo, mpaka mto wa sponji ukamponyoka mapajani. Alisema wawili hawa ni wezi wa mtaa mmoja, kila mmoja analalamika kaibiwa huku amevaa nguo ya mwenzake. Kiberiti akajaribu kukunja uso, ukamshinda. Mimi nilicheka huku nalia, kitu ambacho siwashauri wavaa miwani.

"Na kile cha kinyonga aliyeajiriwa kupaka nyumba rangi?" Kiberiti aliniuliza, kama tulikuwa tumeachana jana. "Hukukimaliza. Nilihama kabla. Nikalazimika kumaliza mwenyewe."

"Ulikimalizaje?"

"Alikufa."

"Nililia siku mbili," alisema Fundi. "Nikasema Dada leo ameamkaje."

Yeye ndiye pekee aliyekuwa hajacheka bado. Alikuwa amevua miwani na kuishika mkononi, na bila hiyo uso wake ulionekana mdogo, wa mvulana wa bwenini. Alinitazama hivyo, ingawa najua kwa umbali ule alikuwa haoni kitu ila ukungu wenye umbo langu.

"Kwa hiyo ni wewe uliyeniharibia macho," alisema taratibu. "Ile kurunzi chini ya shuka. Mwisho wa mwaka nikawa sioni ubao. Nikapelekwa kupimwa. Nikampenda yule mzee aliyenipima, nikasema na mimi nitafanya kazi hii." Akavaa miwani tena, polepole, sikio moja kisha la pili. "Maktaba, miezi mitano nakuhangaikia jicho lako moja, kumbe wewe uliyamaliza yangu yote mawili."

Nilitaka kumwambia kwamba na mimi, kila jalada nililowahi kushona, lilianzia kwa dada yake. Kwamba nilikuwa nikidhani nimemkosa rafiki, kumbe nilikuwa natembea na mikono yake na yeye anamlea mtu kwa sauti yangu, na huyo mtu akakua, akafungua duka, akavuta kiti mbele yangu. Lakini hayo yalikuwa mengi kwa siku moja. Nilichukua sindano. Kiberiti naye akaichukua yake, maana ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na kochi halijui mambo ya watu.

Tulishona bila kusimama. Alikwenda haraka kuliko mimi, siku zote alikuwa hivyo, na kabla ya muda mrefu alikuwa amefika pale nilipoanzia. Alitazama mishono yangu ya kwanza na yake ya mwisho ikikutana, akapitisha kidole gumba juu yake.

"Mkono wako umekuwa mzuri," alisema.

"Ni wako."

"Nimeshasema msamaha chukua. Usianze kunipaka mafuta." Akafunga fundo, akakata uzi kwa meno. Kisha akageuka, akakaa sakafuni, mgongo umeegemea kochi, miguu ameinyoosha kama mwanafunzi nyuma ya ghala. "Sasa tumalize lililotuleta. Mimi nilisema hapana kwa sababu huyu hasemi. Nimeona leo anasema, kama amepewa kochi la kuliambia. Lakini mdogo wangu hataoa kochi."

Fundi alianza kunitetea. Akasema si lazima kila mtu aseme, kwamba yeye anaongea kwa watu wawili na bado anabakiza, kwamba amekwisha kunielewa kwa namna ninavyo...

"Wewe funga mdomo," alisema dada yake. "Pamba. Nilimlea mtoto huyu kwa maneno yako, na nimechoka. Unamtaka, njoo umchukue. Ila usiniambie mimi, na usikiambie kifungo chake. Mwambie yeye, usoni, mbele yangu na mbele ya Shangazi. Ukiweza hilo, siku ikimfika ile siku, nitajua kuna mtu wa kumtazama."

Shangazi akaweka mto chini. Nje kulikuwa na watu wawili waliokuja na gari la kuchukua kochi, nao wakasimama mlangoni wakiwa na kamba mikononi, wakaona kuna jambo, hawakutaka kulikosa.

Nilisimama. Magoti yalikuwa na vumbi la chaki. Nilianza kwenye kifungo, nakiri, cha pili kutoka juu. Nikapanda kwenye ukosi. Nikapanda kwenye kidevu, ambako alikuwa amejikata kidogo asubuhi akinyoa, kwa ajili ya siku hii. Nikafika machoni, nikakaa hapo. Yalikuwa ya rangi ya chai kabla haijatiwa maziwa, la kulia likiwa na doa dogo ambalo sikuwahi kuliona, kwa sababu siku ile ya kwanza mwenye kurunzi alikuwa yeye.

"Nakupenda," nilisema. Ikatoka ndogo. Nikavuta pumzi, nikarudia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, wale wabebaji mlangoni wakasikia na mwenye duka la pili nadhani pia. "Nakupenda wewe. Nataka unioe. Na siku yoyote ukinigeukia, nitakuwa ninakutazama."

Kiberiti akashusha pumzi. Shangazi akasema ahsante Mungu, sasa nimeisikia sauti yake, ni nzuri, hata kugombeza itafaa. Wote wakamgeukia Fundi, mtu ambaye tangu nimjue hajawahi kukosa neno hata akiwa na dawa ya meno mdomoni.

Akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Sasa huyu naye vipi?" aliuliza mmoja wa wabebaji.

Fundi alitafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye kochi la daktari wa meno, mtu wa kwanza kulikalia, akafunika uso kwa mikono yote miwili. Nikaenda, nikakaa kando yake, nikamsubiri.